TUBISHANE, LAKINI TUZIKANE

Leo hatuandiki juu ya bei ya pamba wala juu ya nyongeza ya mishahara. Twaandika juu ya jambo lisiloingia katika ajenda ya mkutano wowote, ijapokuwa latokea kila siku katika karakana, bandarini, sokoni, katika vituo vya mabasi na katika baraza za kahawa. Nalo ni hili: marafiki wawili wanaanza kubishana habari za siasa, na kabla kahawa haijapoa, ubishi umekwisha kuwa uadui.

Twawajua mafundi wawili waliofanya kazi katika karakana moja kwa miaka mingi. Walikuwa wakila mchana katika sahani moja na wakikopeshana nauli mwisho wa mwezi, na mmoja wao ndiye aliyesimamia harusi ya binti wa mwenziwe. Ulipokuja uchaguzi, kila mmoja akasimama upande wake. Katika hilo hapakuwa na kosa. Kosa lilianza siku mmoja wao alipomwambia mwenziwe, mbele ya vijana wanaojifunza kazi, kwamba hana akili yake mwenyewe, bali amenunuliwa kwa fulana na kilo moja ya sukari. Yule naye akajibu kwa kumtaja mzazi wa mwenziwe. Tangu siku hiyo sahani zikawa mbili.

Miezi michache baadaye mama wa mmoja akafariki. Mwenziwe alipopata habari alitoka kwake kwenda kuhani. Alifika mpaka pembe ya njia, akaliona turubai, akasikia vilio, akasimama. Aliwahofia wenziwe wa chama wangesema nini wakimwona pale. Tena hakujua kama wafiwa wangempokea. Akageuka, akarudi nyumbani. Uchaguzi ule umekwisha zamani, waliochaguliwa wamekwisha kuapishwa, na mabango yamechakaa kwa mvua. Lakini mafundi wale mpaka leo hupishana mlangoni bila salamu.

Gazeti hili ni la chama, wala hatulifichi jambo hilo. Twataka wanachama wetu wakitetee chama chao kwa moyo na kwa hoja. Kwa sababu hiyo hiyo twaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba mtu asiyeweza kubishana bila kuvunja undugu hakijengi chama chake. Huenda akaondoka barazani akidhani ameshinda, kumbe amempoteza rafiki, na chama hakikupata hata mtu mmoja.

KUNYAMAZA SI DAWA

Wako watu wema wanaosema kwamba dawa ya jambo hili ni rahisi: marafiki wasizungumze siasa kabisa. Twaiheshimu nia yao, walakini hatukubaliani nao. Siasa ni nini kama si bei ya unga, ada ya shule, maji ya bomba, saa za kazi na kiwanja cha kujenga? Mfanyakazi akikatazwa kuyazungumza hayo na rafiki yake, atayazungumza na nani? Atayazungumza na wale tu wanaokubaliana naye, nao kila siku watamwambia kwamba amesema kweli. Baada ya muda atakuwa hajui tena watu wa upande wa pili wasema nini. Atajua tu yale anayosikia yakisemwa juu yao.

Tena, rafiki anayekupinga ana faida ambayo huipati kwa mwingine. Adui akikwambia kwamba umekosea, humwamini. Anayetafuta kitu kwako hakwambii kabisa. Rafiki peke yake ndiye anayeweza kukuonyesha kosa lako, nawe ukajua kwamba hakutakii mabaya. Chama chenye wanachama waliokwisha kupingwa na rafiki zao barazani ni chama chenye watu wanaojua kujibu. Chama ambacho wanachama wake hawajapata kupingwa na mtu hupata mshangao siku ya kuhesabu kura.

Basi hatuwaombi wasomaji wetu wanyamaze. Twawaomba wabishane vizuri zaidi, na kabla ya kubishana wakubaliane ni mambo gani ambayo ubishi hautayagusa.

WATANI WALIJUA KANUNI

Katika jambo hili hatuna haja ya kwenda kujifunza mbali, kwa maana wazee wetu walituachia utani. Katika miaka ya 1870 na 1880 Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali, na damu nyingi ilimwagika pande zote mbili. Leo Mhehe na Mngoni wakikutana ni watani. Vivyo hivyo Wanyamwezi na Wazaramo, ambao walikutana katika njia za misafara baina ya bara na pwani, wakaujenga utani wao katika safari zile.

Hebu tuitazame kanuni ya utani. Mtani ana ruhusa ya kukwambia maneno ambayo mtu mwingine angeyasema mngefikishana barazani kwa wazee. Atakutania kwa chakula chako, kwa ubahili wako, hata kwa jinsi ulivyokimbia vita ambavyo hukupigana. Wewe nawe huna ruhusa ya kukasirika. Utamlipa kwa zamu yako. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayefika mapema. Hufanya kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya, na kwa mzaha wake huwapunguzia uchungu waliomo ndani. Haki ya kukutania na wajibu wa kukuzika ni vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba moja. Asiyekuja msibani hana haki ya utani.

Watu wa mijini hawakuiacha kanuni hii. Tazama Yanga iliyoanza mwaka 1935, na Simba iliyoanza mwaka 1936 kwa jina jingine. Magazeti huwaita watani wa jadi, na jina hilo lawafaa. Jumatatu asubuhi baada ya mchezo, aliyefungwa huingia kazini akijua yatakayompata, naye huyapokea. Wengine wametaniana hivyo kwa miaka thelathini, na bado huchangiana harusi. Yawezekana kwa sababu kila mmoja ajua kwamba msimu haujaisha, kwamba mchezo mwingine waja, na kwamba aliyefungwa leo huenda akafunga kesho. Tena hapana aliyepata kusema kwamba mpenzi wa Simba si Mtanzania, au kwamba mpenzi wa Yanga amelipwa na mataifa ya nje.

Twajua kwamba siasa ina uzito kuliko mpira. Goli halipandishi bei ya mafuta ya taa. Lakini kama tumeweza kuweka kanuni kwa jambo dogo lenye kelele nyingi, hatuwezi kusema kwamba hatujui namna ya kuweka kanuni kwa jambo kubwa.

UBISHI WA TABORA

Wanachama wenye umri mkubwa wataikumbuka Tabora, na vijana wameisoma shuleni. Mwezi wa Januari mwaka 1958 wajumbe wa TANU walikutana huko kwa mkutano mkuu wa mwaka, nao walikuwa na jambo zito la kuamua. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetoa sheria ya uchaguzi iliyoitwa ya kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua wajumbe watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Tena hakupiga kura kila mtu. Alitakiwa awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na sheria. Wakulima na vibarua walio wengi waliachwa nje.

TANU ilikuwa imeipinga sheria hiyo kwa nguvu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameipinga. Sasa swali lilikuwa moja: je, chama kiingie katika uchaguzi wa namna hiyo au kisusie? Wajumbe wengi walikwenda Tabora wakiwa na nia ya kususia, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba kuingia ni kukubali dhuluma. Mwalimu alisimama upande wa pili. Hoja yake ilikuwa kwamba kususia kutawaachia viti watu wa UTP, chama kilichoundwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, na kwamba njia ya kufika shambani yapita matopeni.

Walibishana kwa siku kadhaa. Mwishowe mkutano ukakubali kuingia katika uchaguzi, na jina la Uamuzi wa Busara likabaki katika historia. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP haikupata kiti hata kimoja.

Wanaokumbuka Tabora hukumbuka ushindi. Sisi twataka kukumbusha namna ubishi wenyewe ulivyokwenda. Waliotaka kususia na waliotaka kuingia walikuwa wakitafuta kitu kimoja, uhuru, na kila upande uliujua ukweli huo juu ya mwenziwe. Kwa hiyo waliweza kushindana juu ya njia pasipo mmoja kumwambia mwingine kwamba hataki kufika. Wengi walioshindwa kwa kura walibaki katika chama, wakaenda mikoani kuufanyia kazi uamuzi ambao hawakuupenda.

Mmoja hakubaki. Ndugu Zuberi Mtemvu alitoka, akaunda chama cha African National Congress, naye mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Mwalimu. Mwalimu alipata kura 1,127,978, na Mtemvu akapata kura 21,276. Baadaye Mtemvu akarudi TANU. Hatusemi kwamba wapinzani wa siku zile walitendewa upole kila mahali. Haikuwa hivyo, na mwaka 1965 nchi ikaingia katika chama kimoja kwa sheria. Twasema tu kwamba mtu aliyetoka mlangoni aweza kurudi kwa mlango huo huo, na ni vizuri akirudi asikute tumeuziba kwa matusi tuliyomtupia mgongoni.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena baada ya miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1991 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza wananchi kama wataka chama kimoja au vyama vingi. Takriban wanane katika kila kumi walitaka kubaki na chama kimoja. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wale wawili katika kumi walikuwa wachache, lakini walisikilizwa. Leo mwanachama wa chama chochote akimwambia jirani yake kwamba wachache hawana haki ya kusema, amesahau kwamba vyama vyote vya leo vimepata nafasi yao kwa kuwa wachache walisikilizwa.

ZANZIBAR ILITUONYA

Huenda msomaji akauliza kwa nini twalisisitiza sana jambo la mazishi. Jibu letu ni Zanzibar.

Uchaguzi wa kwanza wa Visiwani ulifanywa Julai 1957. Kati ya mwaka huo na mwaka 1963 palikuwa na kipindi ambacho wazee wa huko hukiita zama za siasa, nao hulitaja jina hilo kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Watu walisusiana maduka. Walisusiana mabasi, hata abiria akaliacha basi lililosimama mbele yake, akangoja basi la watu wa chama chake. Walisusiana baraza na misikiti. Katika vijiji vingine walifika mahali ambapo watu waliokuwa wamechota maji katika kisima kimoja tangu utotoni walikataa kuzikana. Magazeti ya vyama nayo, badala ya kuuzima moto, yalitupa kuni. Tunalisema hili tukijua kwamba sisi wenyewe ni gazeti la chama.

Januari 1961 ukaja uchaguzi mwingine. Jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa kura moja tu. Afro-Shirazi ilipata viti 10, ZNP viti 9, na ZPPP viti 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, na nchi ikawa sare, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, na katika ghasia zake watu 68 waliuawa. Miaka miwili na nusu baadaye damu nyingi zaidi ilimwagika.

Hatusemi kwamba damu hiyo ilimwagwa na matusi ya barazani. Zilikuwapo sababu kubwa za ardhi, za dhuluma na za utawala wa kikoloni uliowagawa watu kwa makabila na rangi. Lakini tazameni namna mambo yalivyofuatana. Mtu alianza kwa kususia duka, kisha basi, kisha msikiti, kisha jeneza la jirani yake. Mkono uliokwisha kuzoea kutolishika jeneza la mtu ni mwepesi zaidi kumwinulia panga. Mahali pa mwisho ambapo watu wa vyama viwili hukutana pasipo kuulizana kadi ni makaburini. Pakivunjika hapo, hapana pengine.

Tena somo hilo halikushikwa mara moja. Vyama vingi viliporudi, mwaka 1995 urais wa Zanzibar ulipatikana kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na yale yale ya kususiana yakafufuka, hasa Pemba, mpaka kwenye harusi na maziko. Januari 2001 zaidi ya watu ishirini waliuawa kwa risasi katika maandamano, na watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, nchini Kenya. Viongozi walitia saini muafaka mwaka 1999, na mwingine mwaka 2001, na yote miwili haikudumu.

Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar na kuzungumza. Wote wawili walikuwa wametukanwa na wafuasi wa upande wa pili kwa miaka mingi. Hata hivyo waliketi. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Waliokuwako Visiwani mwaka ule husema kwamba uchaguzi wa Oktoba uliofuata ulikuwa wa utulivu ambao hawakuuona tangu vyama vingi vianze. Mambo yaliharibika tena baada ya uchaguzi wa mwaka 2015 kufutwa. Na baada ya ule wa 2020, uliokuwa na malalamiko na majeraha yake, Maalim Seif alikubali mwezi Desemba kuingia tena serikalini akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Alifariki Februari 2021 akiwa katika kazi hiyo.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake kwa mwanachama wa kawaida ni hii: viongozi uliokuwa ukigombana na rafiki yako kwa ajili yao wataketi siku moja, watapeana mikono, na picha yao itatoka ukurasa wa mbele. Wewe na rafiki yako hapana mpiga picha atakayewapatanisha.

MASHARTI YA BARAZANI

Sasa tuyaseme yale ambayo twadhani kila mwanachama aweza kuyafanya kesho asubuhi.

Kwanza, umjibu mtu kwa alilolisema. Kabla hujajibu, lirudie neno lake mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndilo alilolisema. Mara nyingi utakuta mlikuwa mkibishana juu ya neno ambalo hapana aliyelitamka.

Pili, uiache nia yake kwa Mungu. Maneno haya, kibaraka, msaliti, amenunuliwa, ametumwa, yana kosa moja: hayawezi kujibiwa. Mtu akikwambia kwamba bei ya sukari imepanda kwa sababu fulani, waweza kumwonyesha hesabu. Akikwambia kwamba wewe umenunuliwa, utamwonyesha nini? Huna jibu ila ngumi au kuondoka. Na neno la namna hiyo likianzia kwa kiongozi wa tawi, litafika kwa vijana likiwa limekwisha kuwa jiwe.

Tatu, mtenganishe jambo linaloweza kutazamwa na jambo la kupenda. Kama mnabishana ni mwaka gani zahanati ilifunguliwa, au kifungu cha sheria ya kazi chasemaje juu ya likizo, acheni kupaza sauti. Mmoja wenu aende akatazame, na mwingine akubali. Yatakayobaki ni yale ya kupenda, nayo watu wazima huweza kutofautiana.

Nne, kabila, dini, umbo la mtu, mke wake na wazazi wake havimo katika ubishi. Asiyeweza kukitetea chama chake bila kuyataja hayo, amekwisha kukiri kwamba hana hoja.

Tano, na hili twalisema hasa kwa wafanyakazi: mazungumzo ni baina ya watu walio sawa. Msimamizi anayemwuliza kibarua wake atampigia nani kura hazungumzi naye, anamhoji. Kibarua atacheka, atakubali, na moyoni ataweka kisasi. Mwenye madaraka ya kuandika jina la mtu katika orodha ya kazi asilete siasa kwake wakati wa kazi, hata kama ni ya chama chetu. Hasa kama ni ya chama chetu.

Sita, ujue wakati wa kuacha. Ubishi ukianza kurudi mahali pale pale kwa mara ya tatu, agiza kahawa nyingine, uulize habari za watoto. Anayeondoka barazani na aage. Kuaga ni ahadi kwamba kesho atakuja tena.

MPAKA WA UPOLE

Lazima tuongeze neno moja, tusije tukaeleweka vibaya. Kuna watu hupenda kuhubiri adabu kwa sababu hawataki kusikia malalamiko. Mnyonge akisema kwa uchungu, humwambia kwamba hana heshima, na kwa njia hiyo swali lake hupotea. Mtu aliyemzika mwanawe kwa sababu ya siasa hawezi kuambiwa aseme kwa sauti ile ile ya watu wanaobishana juu ya bei ya nauli. Kwake yeye ustaarabu wetu ni kumsikiliza mpaka mwisho, si kumsahihishia lugha.

Wala upole si kukubali kila kitu. Atakayesimama kusema kwamba jirani zetu wa kabila fulani wafukuzwe, au kwamba waumini wa dini fulani wasipewe kazi, tutampinga waziwazi na bila kuuma maneno. Hata hivyo twaweza kumpinga mtu huyo bila kumfanya mnyama, kwa maana tukisema kwamba yeye si mtu tutakuwa tumeingia katika hoja yake.

KWA WANACHAMA WETU

Chama kikubwa kina wajibu mkubwa. Aliye na wengi nyuma yake ndiye anayepaswa kutangulia kutoa salamu, kwa sababu salamu yake haitadhaniwa kuwa woga. Twayaomba matawi yaziweke kando fulana na kofia za chama zinapokwenda kuhani, na bendera zisifike makaburini isipokuwa kwa wosia wa marehemu mwenyewe. Twawaomba viongozi wa matawi wawe wa kwanza kuingia katika misiba ya watu wa vyama vingine, wakae kwenye mkeka, wachangie mchango wao kama majirani, waondoke bila hotuba. Twawaomba pia viongozi wa wafanyakazi wasikubali mfuko wa kusaidiana msibani ugawanywe kwa kadi za vyama. Senti za mfuko huo zilikatwa katika jasho la wote.

Na yule fundi aliyesimama pembe ya njia, kama anatusoma, tuna neno moja kwake. Arobaini imekwisha kupita, na turubai limekwisha kukunjwa. Lakini pole haina tarehe ya mwisho. Achukue kilo moja ya sukari, ile ile waliyotukanania, aende jioni mwenziwe akiwa nyumbani, abishe hodi. Asianze na habari za uchaguzi. Aseme kwamba alifika siku ile mpaka pembe ya njia, akashindwa, na kwamba amekuja kumhani mama. Mengine watabishana kesho kazini, na mchana wakirudi katika sahani moja, watakuwa na muda mrefu wa kubishana.